Aliyezifua Pedi za Kipa

Lori la washabiki liliondoka Kisarawe asubuhi likiimba mpaka mbuzi wakahama barabarani, likarudi jioni kimya kama limebeba mkaa. Mwanajuma alikuwa mlangoni anapepeta mchele, mtoto mgongoni. Akalisikia linapanda kilima kwa gia ya kwanza, na hapo hapo akajua. Watu walioshinda hawapandi kilima kimya.

"Tumefungwa?" akamuuliza jirani yake Biubwa, ambaye alikuwa anashuka kwenye lori huku ameshika kanga isimvuke.

"Kufungwa ni neno la heshima, Mama Kheri. Kufungwa ni moja, mbili. Hii haina jina."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Kwa ngapi?"

"Kwa vumbi."

Ulikuwa mchujo wa mpira wa magongo, mechi tatu, kati ya Vilima ya Kisarawe na Maili Moja ya Kibaha. Mshindi ndiye angeuwakilisha Mkoa wa Pwani. Tangu timu ya taifa ya magongo iende Moscow, miaka miwili nyuma, mchezo huu ulikuwa umewaingia watu kama homa. Vijana walichonga magongo kwa mizizi ya mikorosho, na wazee ambao hawakujua hata sheria moja waligombana na refa. Kipa wa Vilima alikuwa Shomari, tarishi wa ofisi ya wilaya, mume wa Mwanajuma.

Washabiki walishuka mmoja mmoja, na waliposhuka ndipo midomo ikafunguka.

"Kile kiwanja chao kimenyooka mno. Mpira ukipigwa hausimami mpaka ukutane na ukuta."

"Acha visingizio. Taifa zima lilichapwa kumi na nane na Wahindi kule Moscow, na watu walirudi salama wakalala na wake zao."

"Wale walikwenda kwa ndege. Sisi tumekwenda kwa lori la korosho, tumefungwa kikorosho."

"Mimi la tano nilifumba macho. Nilipofumbua nikadhani ni mapumziko, kumbe wanasherehekea la sita."

"Kilichoniuma mimi ni yale makofi. Walipofika la saba wakaanza kutupigia makofi sisi. Makofi ya huruma. Mtu akinicheka nitavumilia, lakini kunihurumia ugenini, mbele ya shemeji zangu, hapana."

 Mwinjuma alikuwa na bucha pale njia panda, tena balozi wa nyumba kumi, tena katibu wa washabiki, na kazi hizo tatu alizifanya kwa sauti moja. Alisimama pembeni ya lori akimtazama Shomari, aliyeshuka wa mwisho na zile pedi zake kubwa za miguuni begani. Chini zilikuwa na vumbi la Kibaha. Juu, kwenye mishono, zilikuwa nyeupe pee.

Mwinjuma aliutazama weupe ule kwa muda, kisha akaenda zake.

*

Shomari alikula kwa adabu, kama mtu aliyealikwa. Mwanajuma hakumsemesha. Alijua mwanamume aliyefungwa tisa huachwa ale kwanza.

"Zile pedi," Shomari akasema mwishowe. "Ulizigusa?"

"Nilizifua." Alijibu kwa furaha kidogo, maana alikuwa anangoja hizo shukrani tangu Ijumaa. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani. Watu walifulia majani ya mpapai, na aliyekuwa na kipande alikificha chini ya godoro. Chake alikuwa amekiweka kwa ajili ya nepi za mtoto. "Nimemaliza kipande chote. Zilikuwa zinanuka beberu, Baba Kheri, na kwenye mishono kuna weusi weusi kama masizi. Nikasema, mume wangu hawezi kwenda Kibaha mbele ya watu wa kwetu akiwa ananuka hivi."

Shomari aliacha kutafuna.

"Ule haukuwa uchafu."

"Ulikuwa nini?"

"Ilikuwa kazi ya kamati ya ufundi."

Hapo Mwanajuma akaelewa. Kila timu ina kamati ya ufundi. Haina ofisi wala haiitishi mkutano, na mambo yake hayazungumzwi mchana, lakini hakuna mtu asiyejua kwamba ipo, na kwamba ufundi wake si wa kupiga mpira. Walimleta fundi kutoka mbali. Alikesha na zile pedi, akazipaka alichozipaka, akasema lango litakuwa dogo kama tundu la sindano.

"Mbona hukuniambia?"

"Wanawake hawaambiwi."

"Sasa asiyeambiwa atajuaje asifue?"

Shomari alilitafakari swali hilo. Akanywa maji.

"Wewe mwenyewe unaamini?" Mwanajuma akauliza.

"Mimi? Mimi nimefungwa tisa."

"Basi tusimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" akasema Shomari, na akavuta mkeka akalala kifudifudi, magoti yamevimba, na Mwanajuma akamkanda kwa maji ya chumvi mpaka akakoroma.

*

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, ilisikika kwamba duka la ushirika limepokea unga na sukari. Mwanajuma alifika mapema, akasimama nyuma ya mama mmoja mnene aliyekuwa akimjua kwa salamu tu. Mama yule aligeuka, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, akamwambia yule wa mbele yake, kwa sauti ya kusikika:

"Na wenye sabuni zao nao wanapanga foleni? Mimi nilidhani wao hawana shida."

Foleni ikacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, ni kile cha puani.

"Wengine wanafulia nguo," akasema mwingine, "wengine wanafulia mji."

"Mwache. Kwao Janga. Mtu wa Janga si mtu wa Kibaha huyo? Amewafulia ndugu zake."

Mwanajuma aliifunga kanga yake upya. Akasogea. Watu wawili wakapita mbele yake, kisha watatu, kila mmoja akisema alikuwa amewekewa nafasi, na hakuna aliyewakataza. Alipofika dirishani muuzaji alikuwa anakung'uta gunia. Sukari imekwisha, akasema, na alisema akitazama pembeni.

Biubwa alimkuta njiani, kikapu kitupu kichwani.

"Shoga, nani amewaambia?" Mwanajuma akauliza. "Nilikuwa mimi na mume wangu. Nyumbani hakukuwa na mtu wa tatu."

"Unataka nikwambie kweli au nikufariji?"

"Sema."

"Kasema mwenyewe. Alfajiri, pale kwenye kahawa, mbele ya bucha. Walimbana, Mama Kheri, usimwone hivi. Walimwambia ameuza mechi kwa wakwe zake. Mwinjuma akamuuliza pedi zimekuwaje nyeupe. Sasa hapo ilikuwa achague, awe msaliti yeye, au uwe mfuaji wewe."

"Akachagua."

"Alichagua upesi, shoga. Kahawa ilikuwa bado ya moto."

*

Walikuja siku ya tatu, baada ya saa za kazi. Mwinjuma alitangulia, amevaa shati la mikutano. Nyuma yake alikuwa Leodegar, nahodha wa Vilima, mwalimu wa hesabu, kijana wa parokia ambaye hata akija kudai deni huanza kwa kusifia mpangilio wa nyumba.

"Mmependezesha hapa," akasema Leodegar akikaa.

"Ahsante, mwalimu. Karibuni." Mwanajuma akawasalimu, Mwinjuma kwa shikamoo, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, maana viti vilikuwa vitatu na wanaume walikuwa watatu. Shomari alikuwa anashona mkanda wa pedi. Hakuinua uso.

"Ndugu Mama Kheri," Mwinjuma akaanza, "sisi hatukuja kulaumu. Kosa limefanyika, na lililofanyika halifanyiki tena. Tumekuja kwa niaba ya wananchi."

"Wananchi wanasemaje?"

"Wananchi wana wasiwasi. Mechi ya pili inachezwa hapa hapa kwetu. Fundi amesema anaweza kuirudia kazi, lakini si katika nyumba ambayo dawa yake ilishafuliwa mara moja. Ndivyo alivyosema. Si mimi."

"Mimi, shemeji, hayo mambo siyaamini," akasema Leodegar haraka. "Nikiyaamini nitaungama vipi? Lakini vijana wanaamini. Na mchezaji mwenye hofu hata ukimpa gongo la dhahabu atakosa mpira. Hii ni saikolojia tu."

"Na hiyo saikolojia inataka mimi niende wapi?"

Leodegar alimtazama Mwinjuma.

"Kwenu kidogo," akasema Mwinjuma. "Ukasalimie wazee. Mtoto akaonwe na babu yake. Ni vizuri tu."

Mwanajuma alimgeukia mumewe. Sindano ilikuwa inapita na kurudi kwenye turubai.

"Baba Kheri. Unasemaje?"

"Mimi nasikiliza."

"Ukimaliza kusikiliza?"

"Ni siku chache, Mwanajuma. Ukirudi watakuwa wamesahau."

"Haya, mume ameshasema," akasema Mwinjuma, akipiga magoti yake kwa viganja kama anayefunga mkutano.

"Hajasema, mzee. Ameitikia."

 Waliaga vizuri, na Leodegar alikisifia tena kibaraza.

Kitu ambacho Mwanajuma alikijua, na Shomari alikijua, na hata yule Leodegar wa parokia alikijua, ni kwamba kwa watu wa huku mke haendi kwao na begi akasema amekwenda kusalimia. Mwenye kusalimia huenda na kikapu. Mwenye begi amerudishwa, na aliyerudishwa lazima mume amfuate kwa miguu yake, akae mbele ya baba mkwe, ataje kosa. Asipokuja akalitaja, wazee huhesabu kwamba ameacha mke bila kufungua mdomo.

"Nikifika, baba ataniuliza nimekosa nini," Mwanajuma akamwambia asubuhi ya safari. "Nimjibu nini?"

"Mwambie umekwenda kusalimia."

"Na begi?"

Shomari alilibeba lile begi. Alilibeba kilima chote, mpaka kwenye kona ya mwisho kabla ya njia panda. Hapo akalitua, akafuta jasho, akasema amechelewa ofisini. Mbele ya kona kulikuwa na bucha, na mbele ya bucha kulikuwa na benchi limejaa watu. Mwanajuma akaliweka begi kichwani, akamfunga mtoto vizuri, akapita mbele ya benchi peke yake. Watu wa benchi walimsalimu wote, kwa heshima kabisa.

*

"Umekuja kusalimia na begi," akasema Mzee Mwishehe, baba yake, akiwa katikati ya shamba lake la mihogo Janga, jembe mkononi.

Mwanajuma akamwambia yote, hakupunguza. Alipofika kwenye sabuni mzee alicheka mpaka akaegemea jembe. Alipofika kwenye kona ya mwisho kabla ya bucha akaacha kucheka.

"Mumeo alisema nini?"

"Alisema ni siku chache."

"Siku sikuulizi. Alisema umekosa nini?"

"Hakusema."

"Basi atakuja aseme," akasema mzee. "Kaa. Mihogo ipo."

Alikaa. Alipalilia, alitwanga, alimnyonyesha mtoto chini ya kivuli cha banda. Majirani walikuja kumwona mtoto, Mwanakheri, wakasema amefanana na baba yake, wakalitazama begi, wakaenda zao kulizungumza. Mwanajuma hakuwa na hasira sana na Shomari siku hizo. Usiku alimfikiria yeye na magoti yake. Alijiuliza nani anamkanda.

Habari ya mechi ya pili ililetwa na mchuuzi wa samaki wakavu aliyetokea Maili Moja kwa baiskeli, uso umemkunjamana.

"Wametupiga moja bila. Kule kilimani kwao."

"Kisarawe wameshinda?" Mwanajuma alikuwa ameshainuka.

"Moja bila. Kipa wao alidaka mpaka nzi."

"Baba, hakufungwa hata moja," akasema, akicheka, akimrusha mtoto juu na kumdaka. "Hata moja, baba. Mama wewe, baba yako kadaka mpaka nzi."

Mzee Mwishehe alimtazama binti yake kwa huruma. Ilimchukua Mwanajuma muda kidogo kuielewa huruma ile. Alipoielewa, kwamba ushindi ule umepatikana yeye akiwa hayupo, alimrudisha mtoto mgongoni akaendelea kupepeta.

Ukweli ni kwamba kiwanja cha Kisarawe kimeinama. Ukipiga mpira kutoka juu unakwenda wenyewe, na ukipiga kutoka chini unakurudia. Watu wa Vilima wamekulia kwenye mteremko ule. Watu wa Maili Moja kutwa walikuwa wakikimbilia mipira iliyokuwa inaingia kwenye mashamba ya watu, na kipindi cha pili pumzi iliwaisha. Mtoto yeyote wa shule angeweza kulieleza hilo. Lakini mbele ya bucha siku ile halikuelezwa. Mbele ya bucha walisema, "Mmeona? Ameondoka yeye, na lango limefungwa."

*

Lori lilifika Janga siku ya Ijumaa, likiimba. Lilisikika toka mbali, na Mwanajuma, aliyejua sasa kusoma lori, akasema moyoni, amekuja kunichukua. Alikunja nepi. Alijifunga kanga safi. Alikaa ndani nyuma ya mlango, kama inavyompasa mke anayezungumziwa, begi limefungwa miguuni pake.

Waliingia uani watu wengi, wamevaa majani ya minazi vichwani. Mkeka ukatandikwa. Mwinjuma akakaa katikati, Leodegar kulia, Shomari kushoto. Mbele yao wakaweka doti ya kanga na mfuko wa sukari.

"Shikamoo, mzee," wakasema.

"Marahaba. Kwetu mtu akija na kanga na sukari anaposa. Ninyi mnaposa nini?"

Wakacheka. Mwinjuma akakohoa.

"Mzee wetu, sisi tumekuja na shukrani. Binti yako ametufaa sana. Amekaa huku, na huko mambo yamenyooka. Sasa imebaki mechi moja tu. Wananchi wameona, kwa heshima zote, tukuombe aendelee kukaa."

Nyuma ya mlango, Mwanajuma alilitazama begi.

"Mume wake ni yupi kati yenu?" Mzee Mwishehe akauliza.

Walitazamana. Mzee alikuwa amekula ubwabwa wa harusi ya binti yake na kumshika Shomari mkono kwa mkono wake.

"Si huyu hapa, mzee," akasema Leodegar kwa upole. "Shomari. Unamjua."

"Namjua. Nimeuliza ajitaje mwenyewe."

"Mimi, baba," akasema Shomari.

"Binti yangu amekosa nini?"

"Hajakosa, baba."

"Basi umekuja kumchukua."

Shomari alimtazama Mwinjuma. Mwinjuma alikuwa anautazama mfuko wa sukari.

"Timu imekaa, baba, ikaonekana kwamba..."

"Timu sikuiozesha mimi."

 Mshabiki mmoja nyuma akayavua majani kichwani, akayaficha mgongoni.

"Akae kidogo, baba," akasema Shomari. "Mpaka imalizike."

Mwanajuma akatoka. Alitoka bila begi, mtoto mkononi, akapita kwenye mkeka akiwasalimu mmoja mmoja kwa wadhifa wake: shikamoo kwa Mwinjuma, habari za shule kwa mwalimu, pole na safari kwa wale wa nyuma. Kwa Shomari alimpa mtoto. Shomari alimpokea, Mwanakheri akamshika pua, na kwa kitambo kidogo yule kipa alifanana na mtu aliyefika nyumbani.

"Nimesikia," akasema Mwanajuma. "Nitakaa."

Watu wakapiga makofi. "Nilijua huyu ni mwenzetu," akasema Mwinjuma, akiinuka kwa kushika mgongo. "Huyu ndiye mwananchi."

"Mpaka hiyo mechi tu, shemeji," akasema Leodegar. "Ikipita, tunakuja na lori hili hili."

"Nimesema nitakaa, mwalimu. Mechi sikuitaja."

Mwinjuma alikuwa ameshawageukia watu wake, akiwaamuru wapande. Leodegar alisikia. Alifungua mdomo kusifia kitu, hakuona cha kusifia, akaenda kutafuta viatu vyake.

"Sukari yenu mrudi nayo," akasema Mzee Mwishehe. "Na kanga. Shomari, wewe baki. Tuna maneno, mimi na wewe. Kesho utapata basi."

Shomari alikuwa amemkumbatia mtoto. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Wenzake walikuwa wanamwita kwa jina la uwanjani, na wawili walikuwa wameshanyoosha mikono kumvuta juu.

"Lori linaondoka, baba," akasema.

"Naliona."

"Tuna mazoezi kesho."

"Haya. Panda."

Mwanajuma alinyoosha mikono, akampokea mtoto wake. Shomari alitaka kumwambia kitu. Alisema, "Nitakuja." Mwanajuma alimwitikia, "Kwaheri, Shomari," na ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe kumwita kwa jina lake.

Lori likageuka kwenye vumbi. Walianza wimbo, na kipa wao, aliyesimama mbele kabisa nyuma ya kibanda cha dereva, aliuimba ubeti wa kwanza pamoja nao. Kwenye ubeti wa pili alinyamaza. Walipofika mwisho wa shamba la Mzee Mwishehe alianza kukipiga kile kibanda kwa viganja vyote viwili, pa, pa, pa, akitaka dereva asimamishe. Wenzake wakadhani anawapigia ngoma. Wakaupokea mdundo, wakaongeza sauti, na lori likaenda.